Majibu Yote Manne Ni Sahihi

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita kwenye jamvi nyuma ya nyumba yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini: mimi na wanafunzi watano wanaojiandaa na mtihani wa leseni wa uuguzi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeamka, kila mmoja kaweka kijiwe juu ya karatasi zake zisipeperuke. Nikawasomea swali fupi.

Mama amejifungua saa moja iliyopita. Unafika kitandani unakuta kitenge alicholalia kimelowa damu. Unagusa tumbo: mfuko wa uzazi ni mlaini na umepanda juu ya kitovu. Utafanya nini kwanza? Kumpigia simu daktari, kupima presha na mapigo ya moyo, kukanda mfuko wa uzazi, au kumwekea dripu?

Wawili walisema daktari. Mmoja alisema presha, mmoja dripu, mmoja kukanda. Nikawanyamazia kidogo. Kijana anayetokea Uvinza akauliza, kwa uchungu kabisa, "Lakini madam, si yote yanafanyika?"

Yanafanyika yote. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndiyo sababu maswali ya namna hii yanawaangusha hata wale walioongoza darasani. Tangu shule ya msingi mtoto wetu amefundishwa kwamba kwenye majibu manne kuna moja la kweli na matatu ya uongo. Anakwenda akiyatafuta yale ya uongo ayakate. Akifika kwenye swali la kipaumbele hakuti la uongo hata moja, anachanganyikiwa, anaanza kukisia. Swali halikumuuliza lipi ni sahihi. Limemuuliza lipi haliwezi kusubiri.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 14 na mtihani wangu niliufaulu. Nalisema hilo kwa sababu linahusika na kisa ninachotaka kukisimulia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha afya kimoja pwani ya kusini ya Ziwa Tanganyika, upande ambao watu hutegemea boti kuliko gari. Nilikuwa na miezi sita kazini. Usiku wa mvua nikazalisha mama wa uzazi wa tano. Mtoto alilia vizuri, kondo la nyuma likatoka lote, nikalikagua, nikamfunika mama, nikakaa mezani kujaza faili. Baada ya muda dada yake akaniita, "Sista, mbona anatetemeka?"

Nilipofunua shuka nikaiona damu. Nikakumbuka nilivyofundishwa: pima kwanza. Nikatoka kutafuta mashine ya presha, ambayo ilikuwa chumba cha pili kwa mtoto mwenye homa. Nikarudi nayo, nikamfunga mkononi, nikaanza kujaza upepo, masikio yangu yamezibwa na kipimo. Hata hivyo nilikuwa naisikia damu. Ilikuwa imepita godoro na kuanza kudondokea sakafuni, tone, tone, tone, kwa mwendo wa saa ya ukutani.

Mlinzi alikuwa ameshakimbia kumwamsha mkunga mkubwa, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Aliingia kitenge kimefungwa kifuani, miguu ina matope. Hakuniuliza presha ni ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, mkono wako uko wapi?"

Sikumwelewa. Akauchukua mkono wangu kutoka kwenye mashine akauweka juu ya tumbo la yule mama, akaubana kwa mkono wake. Chini ya kiganja palikuwa laini kama unga wa maandazi uliozidi maji. Tukakanda. Pakaanza kukaza polepole, kisha pakawa pagumu na mviringo kama mpira. Huku mikono yake inafanya kazi, mdomo wake ulikuwa unagawa nyingine: sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10, msulini, dripu, mpira wa mkojo, maana kibofu kilikuwa kimejaa na kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haukazi vizuri. Presha tuliipima baadaye. Ilikuwa 90 kwa 60. Asubuhi yule mama aliomba chai.

Kitu kinachonisumbua hadi leo ni kwamba jibu nilikuwa nalijua. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza sababu kubwa ya mama kutokwa damu baada ya kujifungua, ningekujibu bila kusita kwamba ni mfuko wa uzazi kushindwa kukaza. Nilijua kwamba damu ikifika mililita 500 ni hatari. Dawa niliijua na dozi niliijua. Sikujua kuvipanga. Nilikuwa nimemeza sheria moja, kwamba kupima hutangulia kutenda, na nikaitii sheria huku mama anaisha.

Kwa hiyo nikianza na wanafunzi, sheria hiyo ndiyo ninayoigusa mwanzo, kwa sababu ni kweli na inaua. Mchakato wa uuguzi una hatua tano: kukusanya taarifa za mgonjwa, kubaini tatizo, kupanga, kutekeleza, na kutathmini. Mwanafunzi anaambiwa kwamba akikuta jibu la kupima na jibu la kutenda, achague la kupima. Mara nyingi atapata. Mgonjwa wa upasuaji akilalamika maumivu, huendi moja kwa moja kwenye kabati la dawa. Kwanza unamuuliza yanauma wapi, yana ukali gani, yameanza lini, unaangalia kidonda, kwa sababu maumivu yanaweza kuwa ya kidonda kinachopona na yanaweza kuwa ya tumbo linalovuja damu ndani.

Lakini lirudie swali la yule mama wa kwenye jamvi, ulisome tena taratibu. Kitenge kimelowa damu. Mfuko wa uzazi ni mlaini na uko juu ya kitovu. Hizo ni taarifa gani? Ndicho kipimo chenyewe. Aliyetunga swali amekwisha kukupimia. Amefunua shuka kwa niaba yako, amegusa tumbo kwa niaba yako, amekupa majibu mkononi. Ukienda kupima presha unapima mara ya pili jambo ambalo halitabadilisha utakachofanya, iwe 90 kwa 60 au 120 kwa 80. Kwa hiyo kabla ya kuyaangalia majibu, jiulize: nimeshaambiwa tatizo ni nini, au bado? Kama umeshaambiwa, tenda. Kama bado, nenda kaangalie. Nikipewa dakika tano tu na mwanafunzi kabla hajaingia chumba cha mtihani, nitazitumia zote hapo.

Lipo kundi la maswali linalofuata hapo hapo, na ninalipenda kwa sababu linafundisha unyenyekevu: pale ambapo kinachomdhuru mgonjwa kimetoka mkononi mwako mwenyewe. Mgonjwa ameongezewa damu. Dakika kumi hazijaisha anasikia baridi kali, mgongo unamuuma, anahema. Majibu yanakuambia upime joto, umwite daktari, umpe dawa ya mzio, au uisimamishe damu. Unaisimamisha. Kila tone linaloendelea kuingia linaongeza madhara, na ukienda kutafuta kipimajoto damu haikusubiri, inaingia. Ukishaifunga, unaacha njia ya mshipa wazi kwa maji ya chumvi yenye mrija mpya, ndipo unapima, unaita, unarudisha mfuko maabara.

Salfeti ya magnesiamu ni ndugu wa swali hilo. Sisi wa leba tunaipa kila mama mwenye kifafa cha mimba, ni dawa iliyookoa wengi, na ikizidi mwilini inazima pumzi. Kwa hiyo kabla ya dozi inayofuata unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti uone kama mguu unarusha. Unaangalia mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Sasa swali linakuja: pumzi 10, goti halijibu, mama anasinzia. Dawa iko kwenye mpira, inaingia. Funga kwanza. Usaidizi wa kupumua na kalisiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuipinga, vinafuata papo hapo, lakini huwezi kuzima moto huku unaumwagia mafuta.

Watu wengi wanazifahamu herufi tatu za Kiingereza tunazoimba darasani: A, B, C. Kwanza njia ya hewa, pili upumuaji, tatu mzunguko wa damu. Ngazi hii ni ya kweli, maana mwili wenyewe unakufa kwa mpangilio huo: njia ikiziba dakika ni chache, damu ikipungua zinaongezeka kidogo. Ila nimeona ikisomwa kama mtu anayesoma bango la duka, bila kuangalia ndani. Wiki mbili zilizopita niliwapa swali la wagonjwa wanne. Umepokea zamu, utamwona nani kwanza? Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake kwenye mashine ya kidole ni asilimia 90. Mama wa kisukari, sukari 14. Kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda, amefungwa P.O.P, ile plasta ngumu, jana, amepewa dawa ya maumivu haijamsaidia chochote na vidole vya mguu vimeanza kufa ganzi. Na dada anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Wote watano walimkimbilia mzee. Hewa kwanza, madam. Nikawaambia: mzee huyu jana alikuwa 90, juzi 90, na mwezi ujao akija kliniki atakuwa 90. Kwa wenye ugonjwa huo tunalenga kati ya 88 na 92. Hiyo ndiyo hali yake ya kila siku, anaishi nayo, anapiga soga nayo. Yule kijana je? Maumivu yasiyosikia dawa, ganzi mpya, plasta ngumu isiyotanuka: mguu umevimba ndani, misuli inajibana, damu haipiti. Saa chache zinatosha kumwachia kilema au kumpotezea mguu. Mzee ana herufi ya juu, kijana ana jambo jipya. Jambo jipya na linalobadilika humtangulia mwenye jambo kubwa alilolizoea, isipokuwa lile kubwa nalo limebadilika.

Na sukari? Sukari 14 itarekebishwa leo, itarekebishwa kesho. Angekuwa na sukari ya 2, jasho linamtoka na anaongea maneno yasiyoeleweka, ningemwacha hata kijana wa plasta nikimbie na glukosi, maana ubongo hauna akiba. Wanafunzi huogopa namba kubwa. Kwenye sukari, ogopa zaidi ndogo.

Nataka nikae kidogo kwa watoto, kwa sababu mikoa yetu hii, Kigoma na jirani zetu wa Tabora, ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na hakuna swali la kipaumbele lililo la kweli kuliko foleni ya watoto wakati wa mvua. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuwapanga watoto wanaoingia: dharura, kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Kinachonishangaza ni jinsi sikio la binadamu linavyodanganyika. Anayelia kwa sauti ndiye anayevuta macho ya kila mtu, mama yake anasukuma mbele, watu wanampisha. Mtoto anayelia kwa nguvu ana njia ya hewa iliyo wazi, ana mapafu yanayofanya kazi, ana nguvu. Mimi nikiingia pale nje huwa namtafuta aliyenyamaza. Yule aliye mgongoni, shingo imelala upande, mama yake kakaa mwisho wa benchi kwa adabu akingoja zamu yake na kusema, "Ametulia sasa, sista, ameacha kusumbua."

Kwenye karatasi jambo hilo linakuja kwa sura nyingine, hata kwa watu wazima. Mgonjwa aliyekuwa mtulivu ghafla anahangaika, anavua barakoa ya oksijeni, anataka kushuka kitandani. Majibu yatakualika umtulize, umfunge, umwite ndugu yake, au uangalie anavyopumua. Kuhangaika kusiko na sababu ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za ubongo kukosa hewa, mapema kabla midomo haijabadilika rangi. Mwangalie pumzi. Nimewahi kuona mgonjwa akiandikwa kwenye faili kuwa ni mkorofi.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Kuna madesa yanazunguka kwenye simu za wanafunzi, maswali yaliyopigwa picha na kurushwa kutoka kundi hadi kundi, mengine yana majibu yaliyoandikwa kwa kalamu na mtu asiyejulikana. Binti mmoja alinionyesha lake. Mgonjwa anadondoka kwa kifafa, utafanya nini kwanza? Jibu lililozungushiwa: kumwekea kijiko katikati ya meno asijing'ate ulimi. Mtu kaliandika, mwingine kalinakili, limefika hadi Kigoma. Kijiko kinavunja meno, kinasukuma ulimi nyuma, kinaziba hewa. Unamwondolea vitu vya kumuumiza, unamlaza ubavu, unakinga kichwa, unahesabu muda, humshikilii kwa nguvu. Akiwa mtoto mwenye homa kwenye mikoa yetu, njia ya hewa ikiwa salama pima sukari mara moja, kwa sababu malaria kali huishusha, na sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, haitamsaidia mtoto ambaye sukari imemwishia. Nilimwomba yule binti alifute desa lile mbele yangu. Anayekariri jibu la swali la kipaumbele hata likiwa sahihi hajapata kitu, maana neno moja likibadilika kwenye swali, jibu linahama. Anayekariri lisilo sahihi amejiandaa kumdhuru mtu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtihani ni wa Kiingereza, na watoto wetu wengi wanasoma Kiingereza kwa kutafsiri kimoyomoyo. Katika kutafsiri, maneno madogo ndiyo yanayopotea, na maneno madogo ndiyo swali lenyewe. Kuna neno la kufanya kwanza, la kufanya kinachofuata, la lililo bora zaidi, la linalotia wasiwasi zaidi. Mwanafunzi anayaruka, anabaki na picha ya mgonjwa tu. Kwa hiyo nimeweka sharti: hakuna anayejibu mpaka aliseme swali kwa Kiswahili, kwa sauti, akinitazama. Binti wa Kasulu aliposema, "Wananiuliza kipi kifuate baada ya kumlaza ubavu," macho yake yalipanuka, kwani alikuwa ameshachagua kumlaza ubavu.

Njia nyingine niliipata kule kituoni kwetu, taa zetu zilipokuwa za sola na betri imechoka. Zilikuwa zinafifia kabla ya kuzima, unapata kama dakika moja ya mwanga wa manjano. Katika dakika ile mikono ilijua yenyewe. Hukuandika faili, hukupanga kabati. Ulimaliza kile ambacho gizani hakiwezekani na ambacho mgonjwa asingevumilia bila hicho. Wanafunzi wangu wakikwama kati ya majibu mawili huwa nawaambia: taa imefifia, una dakika moja, halafu giza. Lipi?

Jibu la kumwita daktari linahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu ndilo linalowavuta wengi, na nadhani ni kwa sababu ya malezi. Mtoto mwema wa kwetu hafanyi jambo kubwa bila kumuuliza mkubwa. Kwenye mtihani, mara nyingi kumwita daktari kwanza ni makosa, maana kuna jambo liko ndani ya uwezo wako sasa hivi na mgonjwa analihitaji sasa hivi: kumkalisha aliyeshindwa kupumua, kufunga damu, kukanda, kufunika utumbo uliochomoza kwenye kidonda kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Ila sikubaliani na wanaofundisha kwamba lisichaguliwe kamwe. Ukiwa umeshafanya yote yaliyo yako na mgonjwa bado anashuka, au kinachotakiwa ni kisu cha upasuaji, kumwita ndiyo kazi. Ukijiuliza "nitamwambia nini nikimpigia?" na ukaona huna la kumwambia, bado hujafika hapo. Ukiona una la kumwambia na huna la kufanya tena, piga.

Na wakati mwingine yote yanakwenda pamoja. Kamba ya kitovu cha mtoto ikitangulia kabla ya kichwa, unaingiza mkono uliovaa glavu na kukiinua kichwa kisiibane ile kamba, unampigisha mama magoti na kifua chini, na unapiga kelele za kuita msaada bila kuutoa mkono. Mwenzangu mmoja alipanda hivyo kwenye gari la wagonjwa, amepiga magoti nyuma ya mama, mkono ndani, barabara ya vumbi yenye mashimo, mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Alipoutoa hakuweza kuvikunjua vidole. Mtoto yule yuko shule.

Hili la kufanya yote pamoja limenifikirisha sana tangu mwaka 2023, ulipotoka utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliofanyika kwenye hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Walimwekea kila mama chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu, na ikifika kiwango cha hatari hawakufuata moja baada ya jingine. Walitoa vyote kwa mkupuo: kukanda, oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kutoka damu, dripu, kumkagua mama. Wanawake waliofikwa na damu nyingi ya kutisha, au upasuaji au kifo kutokana nayo, walipungua kwa asilimia 60. Mwanafunzi mwerevu ataniuliza, sasa mtihani unaniuliza kwanza ya nini, ilhali sayansi imesema pamoja? Ni swali halali. Ninachomjibu ni kwamba pamoja inahitaji mikono zaidi ya miwili. Usiku ule ziwani, kabla mkunga mkubwa hajaingia, nilikuwa na miwili tu. Mmoja ulipaswa kuwa tumboni, na mdomo ulipaswa kuita wengine.

Jambo hilo linanirudisha kwenye lalamiko ninalolisikia kila juma. "Madam, jibu linasema mpe oksijeni, na wodini kwetu mtungi ni mmoja, ana mtu mwingine." Zamani nilikuwa najibu kwa ukali: sahau wodi, jibu mtihani. Hospitali ya mtihani ina kila kitu, ina mgonjwa mmoja tu mbele yako, na ina amri ya daktari iliyokwisha kuandikwa. Jibu kana kwamba uko huko. Kwa ajili ya alama, hilo bado ni kweli na bado nalisema. Lakini nimeacha kuwaambia wasahau. Muuguzi anayejua nani anautaka mtungi ule zaidi ya mwenzake ndiye huyo huyo aliyelielewa swali. Upungufu wetu unafanya maswali haya yawe na uzito zaidi kwetu.

Mmoja kati ya watano hawa anajiandaa pia na mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, NCLEX, na maswali yake ya kipaumbele ni mengi kweli. Huo hufanywa kwenye kompyuta: ukijibu vizuri swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosea linapungua ugumu, na kwa muundo ulioanza Aprili 2023 unajibu kati ya maswali 85 na 150 ndani ya saa 5. Kinachompa shida si uuguzi. Ni kugawa kazi. Kule wanakuuliza kipi umpe msaidizi na kipi ubaki nacho wewe. Nimemweleza kwamba kumwogesha mgonjwa aliyetulia, kumlisha, kupima mkojo uliotoka, msaidizi atafanya. Lakini kumkagua mgonjwa kwa mara ya kwanza, kumfundisha, kuamua kama dawa imefanya kazi, na yeyote ambaye hali yake inayumba, hao ni wako. Mhudumu wetu wa wodini anaweza kukuletea namba. Kuisoma namba ni kazi yako.

Jumamosi hiyo jua lilipoanza kuzama upande wa Kongo, niliwapa swali la mwisho. Wanne kati yao walikuwa wameshakubaliana kwamba la kwanza lilikuwa kukanda, na wameliandika kwa wino mwekundu. Nikalisoma upya, majibu manne yale yale, ila safari hii la presha nikalirefusha: kupima presha na mapigo, kugusa tumbo, na kuangalia damu. Na swali lenyewe nikalipunguza. Mama amejifungua saa moja iliyopita. Anakuambia anasikia kizunguzungu. Basi. Utafanya nini kwanza?

"Kukanda," walisema wanne, karibu kwa sauti moja.

Binti wa Kasulu, yule aliyekosa mara ya kwanza kwa kuchagua presha, alikaa kimya. Aliondoa kijiwe kwenye karatasi, akaisoma, akakirudisha. Kisha akalisema swali kwa Kiswahili, polepole, akinitazama kama nilivyowafundisha, na alipomaliza akatikisa kichwa.

"Mimi naenda kumwangalia kwanza, madam. Bado hawajaniambia damu iko wapi."